Namna Ng'ombe Inainukaka

Jumatano, 13 Agosti
Bila mimi, kijiji chetu Kalembe haiko na dansi. Leo njo wamekubali hivyo. Wachezaji watatu wa kazi wametoka Goma, wanatayarisha spectacle, onyesho la Jumapili, Siku ya Mungu, pamoja na vijana wetu. Gisubizo, binti ya kaka yangu, amechaguliwa. Damu yangu hiyo! Wakimupenda, watamubeba mpaka Bweremana kucheza tena. Mukubwa wao, Mama Astrid, anataka vijana walale chini kama ng'ombe, halafu wainuke wote mara moja. Akauliza nani anajua ng'ombe vizuri. Mukono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikamwambia nilichunga mia tatu peke yangu, kwa mluzi tu. Mama ya watoto wangu, Nyiramahoro, akakohoa. Vumbi.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeonyesha. Miguu ya mbele kwanza, kifua juu, halafu matako. Kama mfalme! Vijana wakacheka. Gisubizo akasema polepole: Baba mudogo, ng'ombe inaanzaka na matako. Mutoto wa juzi! Mama Astrid akasema ataomba ng'ombe ya Sebagabo aangalie. Sebagabo, jirani mwenye ng'ombe ine! Nikamuonya zinapiga mateke, moja ilivunja mwalimu meno. Huyo mwalimu nilimutunga hapohapo, lakini alitoka vizuri.
Nyumbani nimefundisha Gisubizo namna yangu mpaka magoti yakachubuka.

Jumamosi, 16 Agosti
Sebagabo amekuja na ng'ombe yake, amevaa koti. Koti, kwa kuleta ng'ombe! Ikalala kwenye majani. Tukangoja. Ikatafuna. Ikanitazama mimi, si wengine. Ikainuka: matako kwanza.
Sebagabo akapaza sauti: Papa Sebahire, zako mia tatu zilikuwa mbwa?
Nikamujibu hiyo yake inaumwa mugongo. Hakuna aliyesikia, kwa kicheko.
Mama Astrid amesema kesho mwenye kuinuka tofauti na wenzake, Bweremana asahau. Gisubizo amelia. Nikamwambia aangalie kofia yangu, afuate damu.

Siku ya Mungu, 17 Agosti
Kiwanja kimejaa. Wamelala chini, wageni ao vijana wetu, huwezi kujua. Ngoma kimya. Nikasimama juu ya benchi, nikatikisa kofia: mbele! mbele! Gisubizo aliniona. Kweli aliniona. Akafumba macho.
Matako yakapanda yote pamoja, ya Goma na ya Kalembe. Wamama wakapiga vigelegele. Hata koti la Sebagabo lilipiga makofi.
Gisubizo anaenda Bweremana! Nimeelezea kila muntu: ishara ilitoka kwa kofia.

Jumatatu, 18 Agosti
Kule Bweremana watacheza samaki. Nimeisha kumwambia Mama Astrid nilivua Ziwa Kivu nzima. Samaki inaogeleaka ubavu, hiyo naijua tangu utoto. Gisubizo nitamufundisha njiani.
Kitu kimoja tu. Leo asubuhi mugongo ulikataa, sababu ya kuonyesha sana. Nilibaki chini, kando ya kitanda. Nikajaribu mbele. Hapana. Mbele tena. Hapana. Nyiramahoro amesimama mulangoni na maziwa yangu, hakohoi.
Nimeinuka matako kwanza.