Baridi ya Baba

Jumanne, 12 Agosti

Digrii thelathini na mbili hapa Migori, saa nane mchana. Nimepima mwenyewe, kwa kipimajoto cha duka langu la dawa za mifugo.

Mama ametangaza mezani kwamba Sabato hii ataenda makambi ya kanisa Homa Bay katika gari lenye baridi kama ile ya marehemu baba. Kaka yangu Bichage akasema gari hilo ni lake, lina AC ya kugusa kwa kidole. Akaongeza kwamba Mama akishapanda lake, stesheni wagoni ya baba haina tena kazi uani. Jumatatu inakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mama hakumpinga. Alikuwa akimega ugali.

Naikumbuka baridi ile. 1990, nina miaka sita. Madirisha yamefungwa, vumbi liko nje, Mama ameketi mbele anaimba polepole. Alizaliwa Nyamira, kwenye ukungu na majani chai, na joto la huku hajawahi kulizoea. Ndani ya gari lile alivaa sweta. Nakumbuka pia maji sakafuni nyuma, nilipoketi mimi, na jinsi nilivyolaumiwa kuwa nimekojoa. Sikukojoa! Bichage bado ananiita Kikojozi, mbele ya wateja.

AC ya baba itafufuka. Nimeamua.

Jumatano, 13 Agosti

Nimejaza gesi mwenyewe, baada ya mafunzo ya dakika kumi na moja kwenye simu. Iliingia juu, ikatokea chini. Kuku wawili wamehamia kwa jirani. Nilipobonyeza swichi ya bluu ilitoka hewa moto, na ndani yake unyoya.

Bichage alipita na gari lake, madirisha yamefungwa. Amevaa koti! Koti, Agosti, Migori! Aliteremsha kioo kidogo tu, akauliza kama Kikojozi anahitaji taulo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwita fundi Mogire. Aliinama chini ya boneti dakika nne, akainuka na tandabui kwenye kofia. Akauliza mkanda wa kompresa uko wapi. Nikamwambia yeye ndiye fundi. Akasema kompresa haina mkanda na haijawahi kuwa nao, maana nati bado zina rangi ya kiwandani, hazijaguswa na spana hata siku moja. Kwa maneno yake, AC hii haijawahi kumpoza mtu.

Nikamwambia niliketi humo nikitetemeka. Mogire akasema labda ilikuwa malaria.

Nina hakika mkanda umeibwa. Na Bichage ana funguo.

Ijumaa, 15 Agosti

Kompresa iliyotumika imefika kutoka Kisii saa kumi alasiri. Mogire akaishika, akatazama jua, akaiweka chini. Kazi ya saa tano, akasema, na Sabato inaingia jua likizama, kabla hata saa tatu hazijaisha. Nikamwomba aanze, Mungu anaona nia. Akajibu kwamba Mungu anaona pia spana. Akaniaga, "Sabato njema, ndugu Motari," akaenda kuoga.

Nilikaa ndani ya gari nikifikiri. Ndipo likanijia wazo ambalo halijawahi kumjia mtu yeyote.

Nilimkuta Adhiambo, muuza samaki, anafunga meza. Nikaomba bonge la barafu. Akauliza samaki gani. Nikasema barafu tupu. "Barafu bila samaki? Omera, ndugu yangu, nani amekufa?" Nikamweleza ni ya gari. Alicheka mpaka akaketi juu ya kreti. Akasema mama yake naye alikuwa akimuuzia mzee mmoja barafu tupu, Ijumaa hivi hivi, zamani. Duniani kuna watu wa ajabu.

Nimelizungushia bonge maranda ya mbao, gunia, na blanketi la Mama. Jua limezama.

Sabato, 16 Agosti (naandika baada ya machweo)

Asubuhi bonge limebaki nusu. Nikaliweka kwenye beseni chini ya kiti cha mbele, nikafungulia feni mwisho.

Bichage aliwasha lake mapema, akamfungulia Mama mlango. Mama akaingiza mkono ndani, akasema baridi ipo. Kisha akaja kwangu, akaingiza kichwa. Akanusa. Gari zima lilinuka samaki, mbuta hasa. Nikajua nimekwisha.

Mama akatoa sweta kwenye mkoba, akavaa, akapanda. Uso wa Bichage! Ningekuwa na kamera!

Tulipofika Rongo, beseni likafurika na Mama akainua viatu. Nikamweleza kwamba AC zote hutoa maji. Tulipofika Rodi Kopany, Mama akaacha kuimba, akasema nipunguze mwendo, barafu inayumba.

Akasema baba naye aliificha pale pale, kila safari ya makambi, akidhani mkewe hajui. Siku ya kwanza alibonyeza swichi, baridi haikuja, akaona aibu kusema. "Mwanaume ananibebea barafu kutoka sokoni, mimi nimwambie nini? Nilivaa sweta."

Nikauliza kuhusu maji ya 1990. Akasema ndiyo, yalikuwa ya barafu. "Wewe ulikuwa mdogo, mwanangu, lawama ungeisahau; baba yako asingeisahau aibu." Kisha akaniapisha nisimwambie Bichage, heshima ya mzee ibaki ilipo.

Miaka thelathini na mitano!

Jumapili, 17 Agosti

Gari halikatwi. Mama ametamka, na Bichage, alipoona maji sakafuni, ameuliza tu kama nimerudia kukojoa.

Mogire anataka kufunga kompresa. Nimemwambia asubiri. Nimechunguza makosa ya baba na yangu, nayo ni mawili: bonge moja halitoshi, na beseni lilikuwa mbele mno. Mwakani yatakuwa mabonge mawili, chini ya kiti cha nyuma. Mama atahisi baridi tu. Hatajua lolote.

Maji yakimwagika, nimeliwazia hilo pia. Binti yangu Sheila ana miaka mitano. Ataketi nyuma.