Goti la Ghafla

Jumatatu, 3 Juni

Binti yetu kapiga simu kutoka ng'ambo. Tiketi mbili ziko tayari, ila kwa sharti: mimi na mama yake tukate kwanza bima ya afya ya safari. Bila bima, hakuna ndege. Anasema kule mtu mmoja akiugua bila bima, familia nzima inaugua. Mjukuu wetu wa kwanza ameshaanza kusimama kwa kushika kochi. Wakati wowote atapiga hatua, nami nimeapa nitakuwepo. Mpaka sasa nimemwona kwenye simu tu, na mara nyingi ni pua.

Nikatoa kadi yangu ya bima ya wastaafu, nikamuuliza mke wangu ya nini kukata nyingine. Akanieleza, kwa ule upole wake nisioupenda, kwamba kadi hiyo inafanya kazi nyumbani tu. Ukishavuka mpaka, labda uitumie kukwangulia masizi.

Mchana akaja shemeji, kaka yake mke wangu. Huyu aliteleza bafuni kwa mwanawe huko ng'ambo, akarudi na nyonga mpya. Tangu siku hiyo haketi bila kuinuka tena, ili tuone anavyoinuka. Leo kainuka hadi chai ikapoa. Nyonga yote ililipwa na bima ya safari, akasema, kwa sababu ilikuwa ajali ya ghafla. Ugonjwa uliotoka nao nyumbani hawaulipii hata plasta.

Hapo akili ikanichemka. Goti langu la kushoto linanitesa tangu nikiwa kazini. Jina langu liko kwenye foleni ya upasuaji ya hospitali kuu, foleni ndefu hata nimeisahau. Basi, goti litasafiri kimya, na likishafika huko litaumia ghafla! Nilikuwa mkaguzi wa mizani mimi. Nimewakamata wauza nyama waliobandika sumaku chini ya sahani ya mizani. Kampuni ya bima itanishinda kwa lipi?

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi yameanza. Daktari wa bima anatuchunguza Ijumaa, na lazima nitembee kama kijana. Alfajiri, uani, kutoka mlangoni hadi kwenye karo na kurudi. Maumivu makali. Nikatabasamu. Mke wangu akachungulia dirishani na kuuliza kama nimekanyaga msumari.

Tatizo si goti. Tatizo ni watu. Nimelilalamikia goti hili kwa muda mrefu, sasa lina marafiki wengi kuliko mimi. Muuza magazeti kaniuliza limeamkaje. Fundi cherehani kanisogezea kiti kabla ya salamu. Kinyozi kawaambia wateja wake kwamba juzi goti langu lilibashiri mvua, na mvua kweli ikanyesha. Wote nimewajibu: goti gani? Fundi cherehani akamnong'oneza mteja kwamba maskini, mzee ameanza kusahau.

Nimemwomba mke wangu naye asiseme kitu. Amekataa katakata. Yeye atawaambia watu wa bima habari zote za presha yake, na vidonge atawaonyesha. Akaniongezea na methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimemjibu kwamba sifi, nasafiri.

Jumatano, 5 Juni

Mchana simu ililia. Sauti ya mama mmoja, nyororo, ya kiofisi. Akaniamkia kwa heshima zote, kisha akauliza kama bado nasumbuliwa na goti la kushoto.

Mtego! Nilijua bima watanipeleleza, lakini si kwa macho makavu namna hii. Nikamwambia sijawahi kuumwa goti maishani, la kushoto wala la kulia. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia jana tu nilipanda mlima. Akashukuru, akanitakia afya njema, akasema basi nafasi hiyo watampa anayefuata.

Nafasi gani?

Nikaipiga namba ile mimi mwenyewe. Hospitali kuu, kitengo cha mifupa. Foleni yangu ilikuwa imefika. Upasuaji, kitanda, dawa, vyote kwa kadi ileile ya wastaafu. Nikajaribu kueleza kwamba goti limeanza kuuma sasa hivi, tangu tulipokata simu. Yule mama akasema hakuna shida, atanirudisha kwenye foleni. Mwishoni.

Mke wangu sijamwambia. Nimekaa uani hadi mbu wakanifukuza. Nimeumia, na safari hii si goti. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sasa tumaini langu lote liko ng'ambo.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya uchunguzi. Kliniki iko ghorofani na lifti mbovu. Bila shaka wameiharibu makusudi. Nikapanda ngazi zote nikipiga mluzi. Mke wangu alipumzika katikati, mimi nikapumzika kwa kisingizio cha kumsubiri.

Daktari kijana, miwani juu ya paji la uso, akaniuliza kama kuna kiungo kinachonisumbua. Sikujibu kwa maneno. Nikachuchumaa mbele yake bila kuombwa. Kushuka nilishuka. Kuinuka kukagoma. Nikajifanya nimeona kitu chini ya meza. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nikamwambia, huku nimeshika ukingo wa meza yake na kupanda polepole kama bendera. Akaandika kitu. Alikuwa anatabasamu.

Mke wangu aliingia na mfuko mzima wa vidonge, akasema kila kitu, hata yale ya ujana. Nilikaa nje nikimwogopea.

Jioni majibu yakaja. Wote wawili tumekubaliwa! Yeye mchango wake umepanda kidogo, na presha yake imeandikwa ndani ya mkataba. Ikimpanda kule, wanalipia. Mimi ni mzima wa afya, kwa maandishi na mhuri. Tunakwenda kumwona mjukuu. Nimecheza uani. Kwa mguu wa kulia.

Jumapili, 23 Juni

Ng'ambo! Nilipombeba mjukuu pale uwanja wa ndege alinishika sikio akalivuta kwa nguvu zake zote. Nikalia mbele za watu, na sijali. Bado hajapiga hatua. Anasimama, anatafakari, anakaa.

Lakini kuna jambo la kuudhi. Goti haliumi. Mazoezi ya kila alfajiri yamelilainisha. Nimepanda ngazi hadi kwa binti yetu nimebeba sanduku, goti kimya. Nikashuka tena makusudi, nikapanda tena, kimya. Miaka yote limenidhalilisha mbele ya wauza nyama, na siku ninayolihitaji limeamua kupona.

Shemeji katuma ujumbe kuuliza kama nimeshaziona hospitali za huko. Kaambatisha picha yake, ameinuka.

Jumanne, 25 Juni

Nimeamua. Goti lisilouma halimzuii mtu kuchechemea. Asubuhi niliguna karibu na mashine ya kufulia, nikashika ukuta, nikaanza kuvuta mguu wa kushoto. Binti yetu hata hakugeuka. Akasema pole Baba, lakini goti hilo si unalo tangu mimi niko shule ya msingi? Na bima wakimuuliza atawaambia hivyohivyo. Mtoto niliyemsomesha mwenyewe!

Nikaingia chooni kufikiri. Nikatoka nachechemea mguu wa kulia. Huo hauna kesi yoyote. Nikaeleza kwamba maumivu yamehama ghafla. Mke wangu alikuwa anahesabu vidonge vyake. Akainua macho, akasema kweli, hiyo ghafla ni ghafla. Mkwe wetu, mtu mpole, akaniletea mto wa kuwekea mguu.

Ugumu ni kukumbuka. Nikijisahau kidogo tu natembea vizuri. Kwa hiyo nachechemea muda wote, hata tukibaki wawili, mimi na mjukuu. Yeye hatasema kitu. Ananitazama tu, kwa makini sana.

Alhamisi, 27 Juni

Ametembea! Kutoka kwenye kochi hadi mikononi mwangu. Nilikuwepo, kama nilivyoapa. Nikapiga kelele za furaha peke yangu, kisha nikaona wenzangu wamenyamaza.

Mtoto anachechemea. Mguu wa kulia unaburuta nyuma. Akaanguka, akainuka, akaburuta tena, uso umejaa furaha. Binti yetu akakaa sakafuni palepale. Mkwe akapiga simu hospitali. Wakamwambia wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye nyonga, amlete kesho asubuhi.

Jioni binti yetu amelilia jikoni, na bomba amelifungua ili tusisikie. Tumesikia. Mimi nimeshindwa kula. Ni damu yangu tu hii. Goti langu limeruka kizazi kizima na kumwangukia mtoto asiye na hatia. Ningeweza ningempa yangu yote mawili. Mke wangu hakulia. Alikuwa ananitazama miguu.

Ijumaa, 28 Juni

Tumekwenda hospitali wote. Daktari wa watoto, mama mmoja mwenye viatu vya raba, akamkagua mjukuu nyonga, magoti na vifundo. Vyote vizima. Akamwacha sakafuni aende kwa mama yake. Mtoto akaenda wima kabisa. Akamrudisha, akaenda tena. Wima. Daktari akatazama ukoo mzima uliojipanga ukutani, hakuelewa.

Binti yetu akaniomba nimletee mtoto kofia yake iliyokuwa dirishani. Nikaenda. Nikachechemea, maana ndiyo kazi yangu siku hizi. Mtoto akanifuata nyuma, akachechemea. Nikasimama, akasimama. Nikarudi, akarudi, mguu wa kulia unaburuta.

Daktari akaniomba nitembee tena. Kisha akaniomba, kwa adabu kubwa, nitembee bila kuchechemea. Chumba kizima kilikuwa kinanitazama, na mjukuu pia, tayari kwa somo. Nikatembea wima. Akatembea wima.

Mke wangu akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kisha akacheka hadi akakalia mizani ya watoto. Niliona mshale umepita mwisho wake. Mizani ile lazima ikaguliwe upya. Binti yetu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akanipiga begani, halafu akanikumbatia kwa muda mrefu. Daktari akanibonyeza magoti yote mawili. Mazima, akasema. La kushoto lilikaza tu, na matembezi yamelisaidia, niendelee hivyohivyo. Mke wangu akamtajia foleni ya upasuaji; akauliza nani aliniambia nauhitaji.

Aibu nimeiona. Lakini mtoto mzima, na hilo ndilo kubwa. Garini nimemwapia mke wangu, mkono juu: sitachechemea tena mbele ya mtoto. Na nikamwambia habari ya ile simu ya hospitali kuu. Akasema alikuwa anajua. Yule mama alimpigia yeye siku ileile, baada ya kuongea nami, kuuliza kama mzee yuko sawa kichwani.

Jumapili, 30 Juni

Kiapo nimekishika. Sichechemei. Asubuhi nimetembea bustanini na mjukuu, sote wawili wima, na watu wametupisha.

Nimekaa kufikiri kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Kosa ni mguu. Mguu unaonekana, na mtoto huiga anachokiona. Mtu mwenye akili huchagua ugonjwa usioonekana. Sikio! Shemeji ana nyonga mpya, lakini sikio jipya, kile kifaa cha kusikilizia cha kulipiwa na bima, hana. Nitaketi naye kimya, nikilirekebisha kidogo kwa kidole, mpaka aulize mwenyewe.

Nimeanza leoleo. Mkwe kaniita mezani, sikugeuka. Binti kaniita, nikatazama mawingu. Mke wangu kaniita kwa jina langu lote, la kwangu na la baba yangu. Mawingu. Kazi nyepesi, haina jasho, na mtoto hawezi kuiga kitu ambacho hakionekani.

Mjukuu alikuwa mapajani mwangu muda wote huo. Baadaye mama yake akamwita akaoge. Akamwita tena, karibu zaidi. Mtoto hakugeuka. Alikuwa anatazama mawingu na babu yake. Mtoto mtulivu namna hii sijapata kumwona.