Mapigo ya Moyo ya Mbwa wa Mama Redempta

Jumatano, 10 Septemba

Nimeitwa ofisini kwa bosi. Nilijua nafukuzwa. Kutoka masjala hadi mlangoni kwake nilikwisha kupanga maneno ya kuwaambia wazazi.

Sikufukuzwa. Bosi wangu, Mama Redempta, anakwenda Dodoma kwenye mafunzo ya wiki nzima. Anataka mtu mwaminifu akae kwake Mkuza, hapahapa Kibaha, amtunze Meja. Meja ni mbwa. Amenichagua mimi kwa sababu, alisema, mimi ni kijana mtulivu. Mimi si mtulivu. Mimi ni mwoga, na kwa mbali mambo hayo mawili yanafanana.

Nikasema ndiyo mama, kwa furaha kabisa mama. Ningesemaje? Mwezi ujao ataandika kama nithibitishwe kazini au niende nyumbani nikamsaidie mama yangu kufuga kuku. Mbwa nawaogopa tangu utotoni. Hilo sikulisema.

Halafu kuna kidude. Meja amevaa shingoni ukanda wenye kidude cheusi, zawadi ya Juliana, binti wa bosi aliyeko ng'ambo. Kinapima mapigo ya moyo wa mbwa, usingizi wake, na kila anapokaa, kusimama, kulala au kutembea. Jioni nakisogeza karibu na simu yangu, nabonyeza, na taarifa zote zinamfikia bosi. Meja amenenepa mno, daktari wa mifugo ameagiza atembezwe.

Nikauliza, kwa adabu, kama kidude kinaonyesha pia mahali mbwa alipo. Akasema hapana, chenye ramani ni kingine. Akanitazama. Kwa nini niliuliza? Sasa ananishuku.

Vicent, karani mwenzangu wa masjala, tuliyeajiriwa naye siku moja, amenipa mkono. Hongera kaka, umeula! Alicheka meno yote nje. Bila shaka yeye ndiye aliyenipendekeza. Ana lengo gani?

Alhamisi, 11 Septemba

Nimehamia chumba cha uani. Meja ni mkubwa kama ndama. Alifungua jicho moja akanitazama, nikajikuta nimesema shikamoo.

Kumtembeza: nilimtembeza kupitia dirishani. Nilipiga makofi, nikapiga mluzi, nikatingisha funguo. Hakuinuka. Ukanda nikausomea nje ya banda, mkono umepita kwenye uwazi wa mbao, mwili wote umebaki nyuma. Bosi akapiga simu. Isaya, mbona mbwa kashinda amelala? Nikasema jua lilikuwa kali. Akasema jua la Kibaha halikuanza jana.

Nimekikagua kile kidude kwa mbali. Kina tundu dogo. Tundu la nini? Moyo haupimwi kwa tundu. Lile ni sikio! Kwa hiyo kila nikipita karibu na banda nasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea tu, kwamba Mama Redempta ni kiongozi wa mfano. Leo nimepita mara nyingi.

Jirani wa nyuma ya ukuta, Bi Mwanamkuu, mtu mzima, mwenyeji hasa wa huku Pwani, akauliza naongea na nani. Nikamwambia nasali, bibi. Akasema haya, hakujua kama siku hizi anaombwa Redempta.

Mama huyu ni wa kuangaliwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mungu mkubwa. Mjomba Kashinje amefika mjini na pikapu yake kununua dawa ya kupe. Mjomba alihama na ng'ombe wake kutoka Usukumani zamani, sasa yuko porini Kisarawe. Kwake mbwa ni mtumishi kama watumishi wengine. Aliingia bandani nikiwa nimefumba macho. Nilipofumbua, alikuwa ameshauvua ukanda kama anayemvua mtoto kofia.

Akampapasa Meja mbavu. Akasema huyu hana ugonjwa wowote. Huyu hana kazi.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Zuri kiasi kwamba niligeuka nyuma kuona kama kuna aliyelisikia. Meja aende Kisarawe na mjomba, akimbie na ng'ombe, apungue. Kidude kibaki kwangu. Nitatembea mimi kwa niaba yake! Nani atajua? Hatua ni hatua.

Meja alipanda pikapu bila kuangalia nyuma. Kidude nimekichomoa kwenye ukanda, nimekifunga kifundoni, ndani ya soksi. Tundu nimeliziba kwa plasta.

Ofisini Vicent aliniuliza mbona nachechemea. Amejuaje?

Jumamosi, 13 Septemba

Bosi amefurahi! Meja ametembea kuliko siku zote za maisha yake. Nilikwenda hadi Tumbi na kurudi, nikazunguka soko, nikapanda na kushuka ngazi za jengo ambalo sina shida nalo.

Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema moyo wa Meja unakwenda mbio hata akiwa ameketi. Unakwenda kama wa mnyama anayefukuzwa. Na usingizi hana: anageuka, anaamka, anakaa, anageuka tena. Je, kuna kitu kinamtisha?

Nikasema paka. Paka ni wengi mtaa huu.

Akasema Meja hajawahi kuogopa paka. Moyo wangu ukaruka, na nikakumbuka kwamba hilo nalo linaandikwa.

Jioni Bi Mwanamkuu naye. Alipanda juu ya ndoo, kichwa kikatokeza ukutani. Mbwa yuko wapi? Siku hizi kimya, hata wezi watadhani nyumba imehamwa. Nikamjibu amekaukiwa sauti kwa vumbi. Akashuka bila kusema neno. Watu wasiosema neno ndio wanaopiga simu.

Kwa hiyo jua lilipozama niliingia bandani nikabweka. Mara chache tu, kwa sauti nzito, kama mbwa mwenye nafasi yake. Halafu kutoka ng'ambo ya ukuta: Isaya, baba, chemsha tangawizi, kifua hicho kitakuua.

Jumapili, 14 Septemba

Misa ya kwanza. Kanisani ndiko mahali pekee ambapo moyo wangu hutulia, na nilitaka bosi aone mbwa aliyetulia. Mahubiri yalikuwa mazuri sana, nadhani. Paroko alitangaza pia mchango wa paa la ukumbi, ambao bosi yumo kwenye kamati yake. Nilibaki nimeketi nikichunguza viatu vyangu.

Jioni nimetuma taarifa kwa moyo mweupe. Siku safi kuliko zote.

Jumatatu, 15 Septemba

Balaa.

Bosi amezipeleka taarifa kwa daktari wa mifugo, Dokta Hashiru. Daktari amesema hajawahi kuona mbwa wa namna hii. Usiku anahangaika. Asubuhi, watu wakishamaliza chai, analala fofofo hadi karibu na mchana. Mnyama mwenye moyo huo, amesema, hafiki Krismasi. Keshokutwa atakuja kumwona mwenyewe.

Ajabu kuhusu huo usingizi wa asubuhi. Saa hizohizo nami huwa nyuma ya rafu ya majalada, nimefumba macho kidogo kupanga mawazo.

Nimempigia mjomba. Hapatikani. Nimepiga mpaka simu yangu ikaishiwa chaji. Mbwa hayupo, daktari anakuja, na barua yangu ya kuthibitishwa kazini iko mikononi mwa mwenye mbwa. Nimewaza kukimbia. Lakini kukimbia nako kungeonekana kwenye simu ya bosi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeomba ruhusa ofisini, nikasema nina mgonjwa nyumbani. Vicent alijitolea kushika meza yangu. Kaka nenda, kazi zako nitazimaliza. Anataka kuonyesha kwamba zinaweza kufanyika bila mimi.

Kisarawe. Bodaboda ilinishusha njia ilipoishia, nikamaliza kwa miguu. Nilimkuta Meja amelala katikati ya ndama, kifua wazi, tumbo limeingia ndani, manyoya yamejaa majani. Aliponiona alisimama, akaja mbio, akanilamba mkono. Nilipiga yowe ambalo ng'ombe waliligeukia.

Mjomba hataki kumrudisha. Alisema alimpokea mstaafu, sasa ana askari. Jana alimrudisha ndama aliyepotelea bondeni bila kutumwa na mtu. Tena kwa jina la Meja haitiki, anaitikia mluzi tu. Akasema nimwachie, nimpelekee huyo mama mbwa mwingine, mbwa wote wana miguu minne.

Nusura nikubali. Nilimtazama kila mbwa pale. Hakuna aliyefanana.

Basi nikamweleza mjomba ukweli: bila huyu mbwa sina kazi, na mama atanileta kwake nichunge. Akaniangalia mikono yangu kwa muda, akafikiria ng'ombe wake wakichungwa na mimi. Hapohapo akawasha pikapu.

Jumatano, 17 Septemba

Dokta Hashiru amefika. Kidude nimekirudisha shingoni kwa Meja asubuhi, mjomba akiwa bado yupo kumshika.

Daktari akaita Meja! Kimya. Nikapiga mluzi, mbwa akaja. Daktari akamsikiliza moyo, akamwangalia meno, akamshika miguu. Akasema mbwa huyu ana afya kunishinda mimi. Moyo umetulia kama wa mtu aliyelipwa pensheni. Huenda kidude kimeharibika.

Nilishukuru mno. Pengine nilizidisha. Akaniuliza mbona natoka jasho. Nikasema joto. Akaniomba radhi, akaniwekea kile chombo chake kifuani, akasikiliza. Akatazama taarifa kwenye simu yake. Akasikiliza tena. Kisha akakunja chombo na kuniaga kwa upole sana.

Daktari wa mifugo! Ana ruhusa ya kunisikiliza mimi? Nani kamtuma? Vicent?

Alhamisi, 18 Septemba

Bosi amerudi. Nimeitwa. Simu yake ilikuwa katikati ya meza, kama kidhibiti mahakamani. Nikaamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti. Alianza kusoma, taratibu.

Jumapili asubuhi, mbwa wangu alisimama. Akakaa. Akasimama. Akakaa muda mrefu, akasinzia. Akashtuka, akasimama, akakaa. Akaenda mbele hatua chache, akarudi mahali pake. Kisha akakunja miguu akabaki hivyo, hatikisiki. Akasimama. Akaenda mbele tena, akarudi, akakunja miguu.

Aliweka miwani chini. Akasema yeye amebatizwa akiwa mchanga, na saa hizohizo alikuwa kanisani Dodoma akifanya hayohayo. Isaya, mbwa wangu alikwenda Misa?

Nikasema labda ameguswa, mama.

Nilitegemea radi. Akaangua kicheko. Alicheka mpaka akaegemea meza, akamwita Vicent aje asikie. Na mahubiri yote kalala, Vicent! Na mchango wa paa hakuinuka!

Kisha kicheko kikakatika. Akamtoa Vicent, akafunga mlango. Akafungua taarifa za Ijumaa na Jumatatu. Usingizi mzito, baada ya chai hadi karibu na mchana. Akauliza kwa sauti ndogo: huyu mbwa alikuwa amelala wapi saa za kazi?

Nilitazama rafu ya majalada kupitia dirishani. Naye akaitazama.

Sikufukuzwa. Hii ndiyo inayonitia hofu. Alisema uongo wangu umemchukiza, lakini moyo wangu umemtisha zaidi. Hakuna kijana anayepaswa kuwa na moyo wa namna ile. Niende hospitali nikapimwe. Halafu akafungua droo akatoa mkanda mweusi wa mkononi, huu ni wa binadamu, Juliana alimtumia yeye. Niuvae hadi mwisho wa mwezi, ndipo atausoma. Nikilala usiku kama watu, na mchana nikawa macho kama watumishi, atasaini nithibitishwe. La sivyo, hasaini.

Alisema ananisaidia. Watu huanza hivyohivyo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeuvaa usiku mmoja. Sikulala. Nilikuwa naukodolea macho, nao unanikodolea taa yake ya kijani. Asubuhi, baada ya chai, nilijibana mapaja nisisinzie. Nikasinzia. Kwa njia hii sithibitishwi kamwe.

Lakini mimi ni mtu niliyesoma. Nimekaa nikalitafakari kosa langu, nimeliona. Kosa langu lilikuwa kubadilishana na mbwa. Binadamu anabadilishana na binadamu!

Anatakiwa mtu wa namna gani? Anayelala mapema. Anayeamka alfajiri. Anayeshughulika mchana kutwa bila kusinzia, asiye na hofu na kiumbe chochote. Nilikuwa nalala uani kwa bosi wiki nzima, ukuta mmoja tu kati yangu na mtu huyo!

Nimekwenda Mkuza baada ya kazi. Bi Mwanamkuu alikuwa anachambua mchele barazani. Nikamwamkia, nikampa mkanda, nikasema bibi, hii ni bangili, zawadi yako kwa wema wako. Akaigeuzageuza. Akasema mbona nyeusi, mbona haina hata nakshi, mpira huu? Nikamwambia ndiyo mtindo wa mjini sasa, wake za wakubwa wote wanazo. Akanyoosha mkono nimfunge. Machozi yalimlengalenga. Alisema tangu mumewe afariki hakuna aliyemvisha kitu.

Nilijisikia mwema. Kweli kabisa.

Akasema imekuja kwa wakati wake. Kesho anakwenda Kisarawe kumtoa mwali, mjukuu wa dada yake, na yeye ndiye kungwi mkuu. Ngoma inaanza jioni, wanacheza mpaka kunapambazuka, na siku ya pili, na ya tatu. Akauliza, kwa wasiwasi kidogo, kama ataivua wakati wa kucheza.

Nikamwambia asiivue hata kidogo. Acheze kwa raha zake. Haiharibiki kwa maji wala kwa jasho.