Themanini na Nne kwa Dakika

Jumatatu, tarehe 3

Bosi ameila fomu. Si yote. Kona ya chini, kulia. Nimegeuka kuzima jiko, kurudi namkuta anatafuna taratibu kama mtu aliyetumwa kazi hiyo. Nimemtia kidole mdomoni, nikaambulia kipande kimoja kimelowa, kina herufi tatu. Kingine kimeshakwenda zake tumboni.

Bosi ni binti yangu. Ana miezi kumi na moja. Jina lake la kweli analo, lakini tangu azaliwe yeye anaamuru, mimi natekeleza.

Fomu ni ya chuo cha uuguzi. Nimeijaza wiki nzima, kwa mwandiko wangu wa sikukuu. Usaili ni Ijumaa na fomu unakwenda nayo mkononi. Karani wa chuo alisema kila mtu moja tu, akafunga dirisha.

Nilitaka kulia. Kisha nikatazama vizuri. Kisanduku alichokula ni cha mwisho: una watoto wangapi, wana umri gani, nani atabaki nao saa za masomo. Hicho hicho! Ndicho peke yake ambacho sikukijaza, maana jibu la swali la tatu sina. Baba Bosi aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, wiki mbili tu. Bosi alikuwa na wiki tatu. Mama yangu mzazi hayupo tena. Na yule msichana wa chumba cha jirani, anayeomba chuo hicho hicho (namwita Daftari, kwa vile daftari lake haliachi hata akienda bafuni), alishaniambia kwa sauti ya msibani kwamba wanaonyonyesha hawachukuliwi. Pole sana dada, akasema. Akafunga mlango.

Basi mpango ni huu: mimi sina mtoto. Fomu imeliwa na panya.

Mwanangu mwenyewe ameniokoa. Nimembusu utosini. Amenyoosha mkono, anataka karatasi nyingine.

Jumanne, tarehe 4

Kumbe kwenye usaili kuna kupima mapigo ya moyo! Nimemsikia Daftari akikariri nyuma ya ukuta. Nikagonga, nikamwomba anifundishe kidogo. Akafunika maandishi kwa kiganja kama mtoto wa darasa la pili. Akasema kila mtu apambane na hali yake. Nikamwomba basi mkono wake nijaribie. Akasema mkono wake si wa majaribio.

Sawa. Nina macho. Kila nikipeleka Bosi kliniki namwona muuguzi anavyofanya: anashika kifundo cha mkono, anatazama saa, anafanya uso wa mtu anayesikiliza habari mbaya chumba cha pili. Uso huo ninao tayari.

Nimeanza na mama mwenye nyumba. Shikamoo mama, naomba mkono. Nikabana kwa kidole gumba, ndicho chenye nguvu. Du, du, du! Nimeyapata mara ya kwanza! Dakika nzima: themanini na nne.

Fundi cherehani wa barazani: themanini na nne, naye hakuacha kukanyaga mashine.

Bosi, katikati ya mateke: themanini na nne.

Jamani. Sikujua kwamba watu tunafanana hivi kwa ndani. Nyumba nzima hatusalimiani vizuri, kila mtu na mlango wake, kumbe mioyo yetu inakwenda pamoja kama kwaya! Nimeandika ukutani kwa penseli: kila mtu 84.

Jambo moja zaidi. Dakika ilipokwisha, mama mwenye nyumba hakuuondoa mkono. Akasema huo mkono haujashikwa na mtu tangu mdogo wake wa mwisho aolewe akahamia mbali. Akaniambia hesabu tena, usije ukawa umekosea. Nikahesabu tena. Hata mimi sikuwa na haraka.

Jumatano, tarehe 5

Bosi ametembea! Hatua tatu, kutoka kitandani hadi kwenye ndoo. Moja, mbili, tatu, akaishika ndoo, akaniangalia kama anauliza ulikuwa unasubiri nini siku zote.

Nimepiga kelele. Nikatoka mbio koridoni. Hakuna mtu. Mlango wa Daftari umefungwa, viatu vyake vipo nje, hakufungua. Mama mwenye nyumba alikwenda sokoni. Nikamwendea fundi, nikamwambia fundi, ametembea! Mashine inanguruma. Akaitikia kwamba suruali itakuwa tayari kesho.

Nikampigia baba Bosi. Haipatikani. Nikapiga tena, nikidhani labda nimekosea namba. Namba hiyo naijua kuliko ya nyumba niliyozaliwa.

Nimerudi. Nimepiga makofi peke yangu. Bosi naye akapiga.

Nimejipima mapigo mwenyewe. Themanini na nne. Basi niko sawa na wenzangu.

Alhamisi, tarehe 6

Kesho Bosi abaki na nani? Siwezi kwenda naye, mimi sina mtoto. Kumwomba mtu waziwazi ni kujidhalilisha. Nimeamua kutumia utaalamu.

Nimempima mama mwenye nyumba, nikakunja uso, nikanyamaza. Akauliza kuna nini. Nikasema mapigo yako ni mazuri mama, themanini na nne, ila yanaonekana kuchoka. Akauliza yanachokaje. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Dawa yake ni joto la kifuani, kilo nane hivi, lishikwe tangu asubuhi baada ya chai hadi saa saba mchana. Lisiwekwe chini sana, linapenda kula karatasi.

Alinitazama. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema wewe binti, si useme tu unataka nikushikie mtoto? Kinywa unacho cha nini? Mlete huyo kilo nane.

Amedanganyika kabisa! Nilikuwa sijui kwamba nina kipaji hiki.

Ijumaa, tarehe 7

Niende kwa mpangilio.

Asubuhi nimempeleka Bosi kwa mama mwenye nyumba. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kidogo, njiani. Nimenyoosha gauni la bluu, nimeficha nepi iliyokuwa imesahaulika kwenye mkoba.

Tulikuwa sita. Matroni, mkuu wa wauguzi anayetusaili, ni mama mfupi, ana saa imening'inia kifuani, anaongea polepole. Akatuingiza chumba cha mazoezi. Kitandani kuna mgonjwa amefunikwa hadi kidevuni, mkono mmoja nje. Wote tuliona kwamba ni sanamu ya plastiki. Lakini Daftari akatunong'oneza kwamba hizi za kisasa zina betri ndani, zinapiga moyo kabisa. Matroni akasema kila mmoja ampime mgonjwa mapigo, aandike namba na jina lake, aweke kwenye sahani.

Zamu yangu ikafika. Mkono wa baridi! Nikabana kwa gumba. Mwanzo kimya. Kisha nikayapata. Na yanakwenda mbio, masikini! Nikamwonea huruma. Nikamnong'oneza kwamba usiogope, tuko hapa. Nikaandika: 118.

Matroni akasoma karatasi kwa sauti. Sabini na mbili. Sabini na mbili. Sabini. Sabini na nne. Sabini na mbili. Mia moja na kumi na nane.

Daftari akakohoa kikohozi cha furaha.

Matroni akasema huyu mgonjwa hana betri, hana moyo, hajawahi kuwa hai hata siku moja. Katoka kiwandani hivyo alivyo. Jibu lilikuwa moja: hakuna mapigo. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu wa kuniambia, matroni, mimi sijapata kitu.

Kisha akanigeukia. Akaniambia nimwoneshe nilivyoshika. Nikamwonesha. Akakitazama kidole gumba changu muda mrefu. Akasema binti, gumba lina mapigo yake lenyewe, ndiyo maana tunatumia vidole viwili vinavyofuata. Ukipima kwa gumba unajihesabu mwenyewe. Hawa watano wamenitungia namba. Wewe umehesabu kweli, ila umehesabu moyo wako.

Nikakumbuka mama mwenye nyumba. Fundi. Bosi. Themanini na nne, themanini na nne, themanini na nne.

Kumbe siku zote hizo nilikuwa peke yangu.

Wenzangu wakatolewa nje. Nikabaki na matroni, akachukua fomu yangu, akaigeuza pale kwenye kona. Akauliza. Nikasema panya. Akaivua miwani, akaisogeza fomu dirishani. Akasema panya wako ana meno sita. Manne juu, mawili chini. Atakuwa na miezi kumi, kumi na moja. Ameanza kutembea?

Siku mbili nimekaa na jambo hilo kifuani hakuna mtu wa kuniuliza. Siku mbili! Nikajikuta nimeshasimama kwenye kiti. Hatua tatu! Kutoka kitandani hadi kwenye ndoo!

Basi. Nimekwisha.

Matroni hakucheka. Akauliza ndoo ilikuwa na maji? Nikasema hapana. Akasema vizuri, uendelee hivyo. Akatoa fomu mpya kwenye droo. Akasema nani amekudanganya kwamba wenye watoto hatuwachukui, mimi mwenyewe nilisoma hapa nikilea pacha wangu. Nafasi ninayo, ila Jumatatu asubuhi niletee fomu hii imejazwa kweli tupu, na barua ya mtu atakayebaki na mtoto, ameisaini mwenyewe kwa kujua anachosaini. Bila barua, nafasi nampa mwingine. Na kuanzia leo, usichokijua sema hujui, unachokitaka omba. Umenielewa?

Nimemwelewa kabisa.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeanza maisha mapya. Vidole viwili.

Nimempima mama mwenye nyumba kwa njia sahihi. Sikupata kitu. Nikasogeza juu, chini, pembeni. Kimya kama plastiki. Mama anapumua, anaongea, anamlaumu muuza mkaa, lakini mapigo hana. Fundi naye hana. Bosi hakukaa nikajua kama anayo.

Mama mwenye nyumba akauliza leo ngapi. Nilikumbuka maneno ya matroni, neno kwa neno. Nikasema themanini na nne. Akafurahi sana.

Ningefanyaje? Kwa gumba angalau kulikuwa na mtu anaitika.

Daftari amenipita koridoni. Amepewa nafasi ya kujaribu mwakani. Macho mekundu. Nilitaka kumwambia pole, na yeye nadhani alitaka kusema kitu, tukasimama pale kila mmoja na ufunguo wake mkononi. Kisha akaingia kwake, nami kwangu. Nimesikia akilia nyuma ya ukuta. Nimegonga ukuta mara mbili. Akanyamaza. Baadaye naye akagonga mara mbili, sijui ni kunijibu au kutundika kitu.

Jumapili, tarehe 9

Kesho ndiyo Jumatatu. Fomu nimejaza yote. Watoto: mmoja. Umri: miezi kumi na moja na siku tisa. Nani atabaki naye: nimeacha wazi mpaka niwe na barua.

Mtu ni mmoja tu, mama mwenye nyumba. Tangu juzi kila asubuhi anagonga mlango kuuliza dawa yake iko wapi, anamchukua Bosi, anamrudisha amebandikwa unga mashavuni. Leo kanishonea mfuko wa kumbebea. Kaniuliza pia, bila kunitazama, kwamba hicho chuo kinaanza lini, na saa ngapi mnatoka, na huyu mtoto uji wake anaupenda mzito au mwepesi. Nikasema mwepesi.

Sasa nimfikieje? Nimeumiza kichwa tangu asubuhi. Nikimwomba hivi hivi akasema hapana, nitaficha wapi uso? Sisi tunaishi nyumba moja. Hapana, lazima kuwe na mpango, na safari hii hauna kasoro hata moja.

Nimechukua karatasi kubwa. Juu nimeandika Kadi ya Mapigo ya Mama Mwenye Nyumba, nikapiga mistari kwa rula, nikajaza 84 wiki nzima. Inapendeza! Chini yake, baada ya mkunjo, ndiyo barua yenyewe: mimi niliyetia saini hapa nitabaki na mtoto saa zote za masomo. Nikishaikunja, barua haionekani, inabaki sehemu ya saini peke yake. Matroni alisema asaini kwa kujua anachosaini. Atajua. Nitamweleza siku nitakayohitimu.

Somo la Ijumaa limeniingia sana. Naliona likinisaidia kila ninapo

Ngoja, ananiita. Mama mwenye nyumba, yuko uani. Mama Bosi! Mama Bosi we! Sauti yake inakatika kwa kicheko. Acha hayo makaratasi utoke, anasema, hatua saba, anakuja mwenyewe kwangu, njoo haraka usikose! Hata mashine ya fundi imenyamaza. Na mlango wa Daftari huo, umefunguka.

Nakuja! Nakuja mama, mshike asianguke! Karatasi nimekunja, kalamu ninayo, nikifika tu namwambia kwamba saini hii ni ya