Mradi wa Vyura wa Masisi-Centre

Vita vilipofunga barabara ya Walikale, Zéphyrin alikwama Masisi-Centre, mashariki mwa Kongo, na koti la mifuko mingi, la aina inayovaliwa na watu wa mashirika ya misaada, ambalo alilipata kwa njia zake. Kazi hakuwa nayo, wala hakuwahi kuwa nayo, kwa hiyo hilo halikumsumbua. Alichokosa ni mtu wa kumlia pesa.

Akampata asubuhi moja nyuma ya depo ya Papa Katembo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Hapo palikuwa na kiwanja ambacho akina mama waliokimbia vita walikilima kwa pamoja, maharage na mboga ya lengalenga, na usiku walilala pembeni yake chini ya mashitingi, maturubai ya msaada yaliyotoboka. Papa Katembo alikuwa akiwaambia wahame, maana alitaka kupanua depo. Chura akaruka kutoka kwenye majani. Papa Katembo akainua kiatu.

"Usimuue, Papa," Zéphyrin alisema kwa upole wa padri. "Huyo njo dossier yako."

"Dossier gani? Faili ya nini?"

Zéphyrin aliwahi kusikia kipindi kimoja cha redio, nusu yake, kabla betri hazijaisha. Nusu ilimtosha. Akaeleza kwamba bazungu wamechoka kulisha watu, kwa sababu watu hawashibi. Sasa wanapenda permaculture, yaani bustani ya mjini inayolimwa bila dawa, udongo ukifunikwa majani, na vyura, ndege na nyuki wakikaribishwa kama wageni wa harusi.

"Mwenye jardin ya vile anapewa moulin ya kusaga unga na camion ya kubeba mizigo," alisema. "Lakini lazima atoe contribution locale, kitu chake cha kuanzia."

Papa Katembo akashusha kiatu polepole. "Bazungu banapenda chura?"

"Sana."

"Kupita bantu?"

"Papa, chura haombake ration ya unga."

Kufikia Jumapili Papa Katembo alikuwa amemkabidhi Zéphyrin contribution yake, mabati mapya na magunia ya chumvi, na baada ya misa akasimama mbele ya parokia nzima akajitangaza Président wa jardin. Watu wakapiga makofi. Akina mama wakaambiwa wabaki, maana camion haiji mahali pasipo na maskini.

"Na siye tutapata nini?" aliuliza Mama Léontine, msemaji wao, aliyekimbia Nyabiondo na sufuria moja.

"Nyinyi njo bénéficiaires," Zéphyrin alimjibu.

"Maana yake?"

"Munangojea."

Mama Léontine alikuwa bénéficiaire, mpokea msaada, tangu vita vya kwanza, na watu wenye makoti ya mifuko alishawaona wengi. Aliyatazama yale mabati, yamefungwa tayari kando ya pikipiki ya kukodi, akajua kesho Zéphyrin anayapeleka sokoni kuyauza. Angesema, Papa Katembo angechukua mali yake na kuwafukuza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kesho yake alfajiri, kabla pikipiki haijaondoka, akamfuata Zéphyrin kwa heshima zote.

"Kaka, dada yangu alitoka Mpofi na miguu, kwa njia ya Walikale. Anasema gari ya bazungu iko kule, inangoja barabara ifunguke. Banauliza jardin ya bachura iko wapi. Banatafuta chef wa projet, bamulipe kila mwezi."

Zéphyrin alicheka. Kisha akaacha kucheka. Redio si ilisema? Na ile nusu nyingine hakuisikia.

"Balisema banataka chef wa namna gani?"

"Muntu mwenye analima na mikono yake. Na bénéficiaires bakuwe na nyumba. Bakikuta tunalala inje, banageuza gari."

Katika maisha yake Zéphyrin alikuwa amewadanganya wengi, lakini hakuna aliyewahi kumdanganya yeye kuhusu mshahara. Akavua koti. Alichimba bwawa la vyura. Alikata majani, akafunika matuta. Chumvi akaibadilisha na wafugaji kwa samadi, ng'ombe wakailamba, naye akabeba mavi yao mgongoni akipanda na kushuka kilima. Mabati akayapigilia mwenyewe juu ya nyumba ya miti, na watoto wakalala pakavu. Mvua ikaja, vyura wakaimba, ndege wakashuka kula viwavi, maharage yakapanda hadi juu ya vijiti. Akina mama wakavuna, wakala, wakauza. Zéphyrin hakugusa hata ganda. Chef halingani na bénéficiaires.

Barabara ikafunguka. Yakapita malori ya askari, yakapita malori ya bia. Papa Katembo akaanza kuulizia camion yake, kwanza kwa sauti ya Président, baadaye kwa sauti ya mwenye depo. Zéphyrin akamkimbilia Mama Léontine, aliyekuwa akichuma maharage.

"Mama, nani alikuambia gari iko Mpofi?"

"Hakuna. Nilijitungia tu. Na weye, nani alikuambia projet iko?"

Zéphyrin akaitazama barabara.

"Redio," alisema.

Papa Katembo alikuja kung'oa mabati. Ila ilikuwa Jumapili, na watu waliotoka misa walisimama kumpa mkono Président aliyewaezekea wakimbizi. Akapokea mikono yote, akatabasamu kama mtu anayeumwa jino, akarudi depo.

Zéphyrin alitoroka kuelekea Nyamitaba. Barrière ya kwanza, kizuizi cha wenye bunduki barabarani, ilichukua koti, ya pili ikachukua viatu. Hata hivyo, alipofika kwa Papa Ndayambaje, mwenye ng'ombe na mashamba mapana, alijinyoosha na kujitambulisha kuwa mtaalamu wa permaculture.

Papa Ndayambaje akampa mkono, akaushika ule wa Zéphyrin, akaugeuza. Aliangalia malengelenge, sugu, na udongo mweusi ndani ya kucha. Uso wake ukajaa furaha.

"Wengine banakuyaka hapa kutudanganya," alisema. "Lakini weye, naona, uko mulimaji wa kweli."

Akaingia ndani kumletea jembe.