Nyundo ya Bi Aleida

Jumatatu, 4 Machi
Miaka kumi na miwili naibu spika wa Seneti, hapa Hague! Leo Bi Aleida, spika, kaniambia kwamba chama hakinirudishi. Eti nimechoka, nikalime maua ya tulipu. Mimi! Sitoki.

Desturi yetu ya Seneti itaniokoa. Jambo lisilo na mpinzani halipigiwi kura. Spika huuliza nani anapinga, kimya, nyundo, limepita. Basi nimeazima nyundo ya Aleida (nitairudisha), nikaingia ukumbini mchana, viti vitupu. Nikauliza: nani anapinga kwamba mimi, Douwe Reitsma, nisitoke humu milele? Kimya. Ko!

Bi Trijntje, mhudumu wa kahawa, alikuwa mlangoni. Hakucheka.

"Ukumbi huu hauwi mtupu, Bwana Douwe," alisema, akatazama dari.

Darini wamechorwa watu wa mataifa, wameegemea ukuta mfupi, wanatuchungulia. Picha tu! Mbona hawakupinga?

Jumanne, 5 Machi
Kikao. Aleida katafuta nyundo, kakosa, kagonga meza kwa kijiko. Raha iliyoje! Kisha likaitwa jina langu. Niliitika mara tatu. Akasema naibu hayupo, tuendelee.

Kisasi cha kitoto. Ila darini, kando ya bwana mwenye kilemba, kuna pengo la upana wa mtu mmoja. Jana halikuwapo.

Jumatano, 6 Machi
Msumari wangu wa koti una koti la mtu mwingine. Langu linanuka rangi mbichi. Nimewasalimia wenzangu sita, hakuna aliyegeuka. Naogopa, nakiri.

Trijntje peke yake kaniletea kahawa na biskuti, moja, kama kawaida.

"Nenda nyumbani, baba. Mlango bado unakujua."

Nilikaribia kwenda. Kisha nikang'amua: katumwa na Aleida! Mjanja yule. Nikarudi kukaa.

Jumanne, 12 Machi
Sikutolewa! Huku juu darini kuna baridi, na shingo haigeuki. Lakini namwona Aleida utosini: mvi tele. Trijntje kaweka kikombe chini yangu, kainua macho, kalia kidogo. Ya nini?

Kero ni moja. Bwana mwenye kilemba kashika mahali pazuri, katikati kabisa, nami nimebanwa pembeni. Pembeni tena! Nyundo ninayo mfukoni. Kesho ukumbi mtupu. Nitauliza nani anapinga. Hawa hawajawahi kufungua mdomo.