Kupimwa kwa Ubongo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Daftari langu, niwie radhi. Miezi mitano sijakugusa. Nilijifungua, nikanyonyesha, mengine hata sikumbuki.

Shida ni hii. Jumatatu ijayo narudi kazini, kiwanda cha kushona. Baba mtoto kaamua mtoto abaki na bibi yake. Mama mkwe nampenda, Mungu shahidi. Lakini ana miaka sabini na mbili! Jana kaniita kwa majina ya binti zake wote watatu kabla ya kulipata langu. Huyo ndiye nimwachie mwanangu? Thubutu! Namtaka wifi aje amlee yeye. Nitathibitisha kuwa ubongo wa bibi umechoka.

Jumanne, 4 Machi
Mtihani. Vitu kumi kwenye sinia: kijiko, sindano, ufunguo na takataka nyingine. Nikamwonyesha, nikafunika, nikampa dakika moja. Kataja vinne. Kafeli! Ila hakunyamaza. Taratibu, kama mtu anayepekua sanduku, akafikisha tisa. Nikamwambia muda ulishakwisha. Akauliza, kwani tunakimbilia treni?

Baba mtoto akataka nami nijaribu. Nikataja vitatu. Kimoja hakikuwemo. Nani alimwomba aingilie?

Alhamisi, 6 Machi
Hila mpya. Nikadai mimi ndiye mgonjwa, mama mkwe anisindikize zahanati. Pale nikamnong'oneza muuguzi ampime. Akatupima wote wawili! Kukumbuka maneno matano, kuchora saa, kusimama kwa mguu mmoja.

Mama mkwe akayumba. Muuguzi akasema mishipa ya fahamu ya miguuni hufifia na umri, asipande ngazi na mtoto. Nikachangamka! Kumbe hajamaliza. Ubongo wa mzee hupunguza mwendo, akasema, majina huchelewa kuja, lakini yaliyomo yamo. Huyu bibi mzima kabisa, amlee mjukuu akiwa ameketi. Kisha akanigeukia mimi. Saa niliyochora ilikuwa na namba kumi na tatu. Na kwenye mguu mmoja nilisinzia.

Kaniandikia nilale masaa mawili kila mchana. Mimi! Kama mtoto wa chekechea! Njia nzima mama mkwe kanishika mkono. Pole pole, mwanangu, anasema, umri huu wako ni mbaya.

Ijumaa, 7 Machi
Haya, mtoto atabaki naye. Sasa hivi wako mkekani, anamwimbia, mtoto anacheka mpaka kwikwi. Mimi nimeambiwa nikalale. Silali! Muuguzi gani anampima mtu bila kumpa nafasi ya kujiandaa? Nitarudia mtihani ule, na mchana wote nitakuwa najinoa.

Nimemwandikia wifi. Kuja asije tena. Ila anitumie: saa ya ukutani yenye namba zote, orodha ya maneno hamsini magumu, kengele ya kunishtua nikisinzia, na kahawa kali, makopo mawili. Makubwa.